Kila Chama na Mlango Wake: Sheria za Vyama vya Hiari Shinyanga na Geita

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita ni vigumu kukipata kijiji kisicho na chama. Wapo wakulima wa pamba waliojiunga katika chama cha msingi cha mazao. Wapo walimu na watumishi wenye chama cha akiba na mikopo. Wapo akina mama wanaoweka hisa zao kila juma katika sanduku lenye kufuli tatu. Wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu wenye umoja wao, na wapo watu wa kufa na kuzikana, ambao hawauzi wala hawanunui kitu. Wote hao husema neno moja: "Sisi tuna chama." Lakini mbele ya sheria vyama hivyo si vya namna moja, wala msajili wao si mmoja.

Jambo hili si la makaratasi tu. Kikundi kisichosajiliwa hakina jina mbele ya mahakama. Hakiwezi kudai mali yake wala kujibu madai kwa jina lake chenyewe. Na kikundi kilichosajiliwa mahali pasipostahili hukaa kikitimiza masharti yasiyokihusu, huku masharti yanayokihusu yakiachwa bila kutimizwa. Katika hali zote mbili hasara humwangukia mwanachama wa kawaida, ambaye aghalabu ndiye wa mwisho kupata habari. Ni vema basi makatibu wa vyama na wanachama wote wakaelewa sheria zinazohusu vyama vya hiari, mabadiliko yaliyofanywa katika miaka ya karibuni, na sababu za mabadiliko hayo.

ZIADA NA FAIDA

Kwanza yafaa kuondoa utata wa neno "faida". Kampuni ya biashara hukusanya mtaji wa wenye hisa, hufanya biashara na watu wote, kisha huwagawia wenye hisa faida kwa kadiri ya hisa zao. Shirika lisilo la kiserikali ni kinyume chake: hata likibakiwa na fedha mwisho wa mwaka, fedha hizo haziwezi kugawanywa kwa waanzilishi wala kwa wanachama, hazina budi kurudi katika kazi iliyoandikwa ndani ya katiba yake, kama vile kutunza yatima au kuhifadhi mazingira.

Chama cha ushirika kinasimama katikati. Hakikuanzishwa ili kupata faida kutoka kwa wageni, bali kuwahudumia wanachama wake. Kinachobaki baada ya gharama huitwa ziada, maana ni fedha za wanachama zilizozidi gharama za huduma waliyopewa. Ziada hiyo, baada ya kutengwa akiba kama sheria inavyotaka, huweza kurudishwa kwa wanachama kwa kadiri walivyokitumia chama. Utaratibu huu ulifuatwa na wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao mwaka 1844, na ndio uliorithiwa na wanaushirika duniani kote.

Tuchukue mfano. Chama cha pamba kimepokea kilo 100,000 katika msimu, na baada ya gharama zote na kutenga akiba kimebakiwa na ziada ya shilingi 2,000,000. Mkutano mkuu ukiamua irudishwe yote, kila kilo itarudishiwa shilingi 20. Mwanachama aliyeleta kilo 1,500 atapata shilingi 30,000, na aliyeleta kilo 200 atapata shilingi 4,000. Wote wawili wana kura moja moja katika mkutano. Hapo ndipo ushirika unapotofautiana na kampuni, ambako mwenye hisa nyingi huwa na kura nyingi. Na unapotofautiana pia na shirika lisilo la kiserikali, ambalo haliwezi kurudisha hata senti moja.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka kujisajili kijiulize swali hili kabla ya yote: je, fedha zitakazobaki mwisho wa mwaka ni za nani? Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha mlango wa kubisha.

MAMBO YALIYOPITA KATIKA USUKUMA

Watu wa Usukuma hawakufundishwa kushirikiana na sheria. Tangu zamani vijana walilima mashamba kwa zamu chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, na aliyekwepa zamu alitozwa faini. Sheria ilikuja baadaye. Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Vyama vya Ushirika mwaka 1932, na kwa muda mrefu sheria hiyo ilitumiwa zaidi na wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro na Bukoba kuliko wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa.

Ushirika wa pamba ulianzia kwenye mzani. Wakulima walikuwa wakiuza pamba kwa wanunuzi waliokuwa na mizani yao wenyewe, na malalamiko ya kupunjwa yalikuwa mengi. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima walianza kuweka watu wao wa kupima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi, ili mkulima aende akijua uzito wa mzigo wake. Kutokana na vikundi hivyo, na kwa juhudi za viongozi kama Paul Bomani, vilizaliwa vyama vya msingi vilivyounda Victoria Federation of Cooperative Unions mwaka 1955. Haikuchukua miaka mingi umoja huo ukahesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya wakulima katika Afrika.

Wakati huo huo sheria nyingine ilionyesha makali yake. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilipitisha Sheria ya Jumuiya, iliyoamuru kila jumuiya kusajiliwa. Kwa njia ya usajili huo huo TANU ilizuiwa kufanya kazi katika Usukuma hadi mwaka 1958, mwaka ambao wananchi wa Geita walisimama kulikataa baraza la wilaya la mseto lililowekwa bila ridhaa yao. Katika kipindi hicho vyama vya ushirika, vilivyokuwa na usajili wao tofauti, viliendelea kukutana. Wazee wa kanda hii walijifunza mapema kwamba usajili una pande mbili: humpa mwenye chama haki, na humpa mwenye kusajili mamlaka.

Baada ya Uhuru ushirika ulipanuka haraka, na matatizo yakapanuka nao: makato mengi, hesabu zilizochelewa, na wizi katika baadhi ya vyama. Kamati ya Rais iliyochunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao mwaka 1966 ilikuta malalamiko mengi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 umoja wa Victoria ulipisha mahali pake Nyanza Cooperative Union. Kisha mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vyote nchini. Kazi ya kununua pamba ikapewa mamlaka ya zao hilo, na kijiji chenyewe, kwa Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975, kikahesabiwa kuwa ndicho chama. Mkulima hakuulizwa kama alitaka kujiunga au kutoka.

Vyama vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na mwaka 1984 mkoa wa Shinyanga ukapata chama chake kikuu, SHIRECU. Sheria ya mwaka 1991 ilirejesha msingi wa hiari, yaani chama ni mali ya wanachama wanaojiunga kwa kupenda. Lakini ulipofunguliwa ununuzi huria wa pamba mwaka 1994, vyama vikuu vilikuwa na madeni makubwa na vinu vilivyochakaa, na vingi vilishindwa kushindana na wanunuzi binafsi. Sheria ya mwaka 2003 ilifuata, kisha ile ya mwaka 2013, ambayo ndiyo iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Historia hiyo ina funzo linalohusu vyama vyote vya hiari, si vya pamba pekee. Yako mambo ya siasa ambayo chama hakiyawezi, na uamuzi wa mwaka 1976 ulikuwa mmojawapo. Hata hivyo chama chenye hesabu zilizo wazi na wanachama wanaohudhuria mikutano huwa na watetezi siku ya kutiwa mashakani. Chama ambacho hesabu zake hazijulikani hata na wenyewe hakina wa kukitetea, kwa sababu wanachama nao wanakishuku.

MILANGO YA USAJILI

Kwa sasa vyama vya hiari vinavyopatikana katika mikoa hii vinahusika na milango ifuatayo.

Mlango wa kwanza ni wa Mrajis wa Vyama vya Ushirika, chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, kwa Sheria Na. 6 ya mwaka 2013. Humo huingia vyama vya mazao, yaani AMCOS, vyama vya akiba na mikopo, yaani SACCOS, na ushirika wa aina nyingine, ukiwamo wa wachimbaji, wafugaji na wavuvi. SACCOS, pamoja na kusajiliwa, sharti iwe na leseni kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Mlango wa pili ni wa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, chini ya wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii, kwa Sheria Na. 24 ya mwaka 2002 pamoja na marekebisho yake. Humo huingia mashirika yanayoihudumia jamii bila kugawana kinachobaki.

Mlango wa tatu ni wa Msajili wa Jumuiya, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Sheria inayotumika ni ile ile iliyotungwa mwaka 1954, ambayo sasa ni Sura ya 337. Humo huingia jumuiya za dini pamoja na jumuiya za kijamii na za kitaaluma.

Mlango wa nne ni wa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Humo husajiliwa bodi za wadhamini zinazoshika mali kwa niaba ya wengine, kama vile kiwanja cha kanisa, msikiti au shule.

Mlango wa tano ni wa halmashauri ya wilaya, mji au manispaa. Vikundi vya kifedha vya kijamii, ambavyo wengi huviita VICOBA, viliwekwa katika daraja la nne na ile Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na usajili wake hufanyika katika halmashauri.

Makatibu waangalie kwamba "Mrajis" na "Msajili" ni maofisa wawili tofauti, ingawa majina yao yanakaribiana. Barua iliyokusudiwa kwa mmoja ikipelekwa kwa mwingine hurudi, na wakati mwingine hairudi kabisa.

MABADILIKO YA MWAKA 2019

Hadi mwaka 2019 milango hiyo haikuwa na kuta imara kati yake. Shirika lingeweza kusajiliwa kama kampuni yenye ukomo wa dhamana, au kama bodi ya wadhamini, au kama jumuiya, na bado likafanya kazi ya shirika lisilo la kiserikali. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 3 ya mwaka 2019 ilibadilisha hali hiyo. Mashirika yote yaliyokuwa yakifanya kazi hizo kwa usajili mwingine yalitakiwa kuhamia kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ndani ya miezi miwili.

Sheria hiyo ilitaja pia yale ambayo si mashirika yasiyo ya kiserikali, na humo vikatajwa kwa jina vyama vya ushirika na vikundi vya kifedha vya kijamii. Maana yake ni kwamba AMCOS haiwezi kujiita shirika lisilo la kiserikali ili iombe msaada wa wafadhili kwa jina hilo. Wala shirika lisilo la kiserikali haliwezi kununua pamba au kutoa mikopo kana kwamba ni chama cha ushirika. Kikundi kinachotaka kufanya yote mawili hakina budi kuunda vyombo viwili, kila kimoja na katiba yake, akaunti yake ya benki na hesabu zake.

Masharti ya mashirika yasiyo ya kiserikali yaliongezwa katika kipindi hicho hicho. Cheti cha usajili sasa kina muda wa miaka 10, kisha huhuishwa. Taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa hupelekwa kwa Msajili kila mwaka. Kanuni za mwaka 2018 ziliyataka mashirika kutangaza vyanzo vya fedha na matumizi yake, na kuwasilisha ndani ya siku 10 mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20.

Masharti hayo yamepokewa kwa maoni mawili. Wako wanaosema kwamba yamekuwa mazito mno kwa mashirika madogo ya vijijini yasiyo na mhasibu, na kwamba msajili mwenye nguvu nyingi anaweza kulinyamazisha shirika linalosema jambo lisilopendeza. Wako wanaosema kwamba wafadhili walikuwa wakileta fedha kwa jina la wananchi, nao wananchi hawakuwahi kuona hesabu. Hoja zote mbili zina uzito, na mwanachama anayefahamu historia ya Usukuma atazielewa zote mbili.

Sababu nyingine ilitoka nje ya nchi. Shirika la kimataifa linalosimamia mapambano dhidi ya utakatishaji wa fedha, FATF, huzitaka nchi zote zijue fedha za mashirika ya hiari zinatoka wapi, ili zisipitishwe kwenda kwa magaidi. Tanzania iliwekwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu mwezi Oktoba 2022, ikaondolewa mwezi Juni 2025. Ndiyo maana benki na wasajili wamezidi kuuliza habari za viongozi wa vyama na chanzo cha fedha. Katibu akiulizwa maswali hayo asidhani kwamba ameshukiwa yeye binafsi.

MFANO WA WACHIMBAJI

Umuhimu wa kuchagua mlango unaonekana wazi katika machimbo ya dhahabu. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imetenga leseni ya uchimbaji mdogo kwa Watanzania peke yao. Leseni hiyo hutolewa kwa miaka 7 na huweza kuhuishwa. Anaweza kupewa mtu mmoja, na kinaweza kupewa chombo chenye usajili ambacho wanachama wake wote ni Watanzania.

Tuseme wachimbaji 30 wamechanga fedha. Wamefungua maduara, wamenunua matimba na pampu, na wamejenga karasha. Kwa haraka ya kupata leseni wameiandika kwa jina la mwenyekiti wao, na akaunti ya benki pia ni ya mwenyekiti na ndugu yake. Kwa miaka mitatu mambo yanakwenda vizuri. Mwaka wa nne mwenyekiti anafariki dunia. Mbele ya sheria mchimbaji alikuwa mmoja tu, naye ni marehemu. Warithi wake wanaweza kudai leseni, karasha na fedha kama sehemu ya mirathi, na wale wengine 29 itawapasa kuthibitisha madai yao mmoja mmoja, pengine kwa daftari lisilo na saini. Kama mwenyekiti hakufa bali aliuza haki zake kwa mtu mwingine, hali ni hiyo hiyo.

Wachimbaji hao wangalisajili chama cha ushirika, leseni ingalikuwa ya chama. Chama kilichosajiliwa huwa mtu mbele ya sheria: kina muhuri wake, kinamiliki mali, kinashtaki na kushtakiwa, wala hakifi kwa kufa kwa kiongozi. Mwenyekiti angefariki, mkutano ungechagua mwingine, na duara lingeendelea.

Umoja wa wachimbaji wa kusemea haki zao ni jambo jingine. Umoja wa namna hiyo unaweza kuwa na kazi nzuri ya kuzungumza na serikali juu ya maeneo, kodi na usalama migodini. Kwa kusema kwa pamoja wachimbaji wadogo wamepata mengi: mwaka 2019 kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio katika mauzo yao ya madini ziliondolewa, na mwezi Machi mwaka huo soko la dhahabu lilifunguliwa mjini Geita, la kwanza la aina hiyo nchini. Lakini umoja wa kusemea haki haukuundwa kugawana dhahabu, na chama cha kuzalisha hakikuundwa kuwa jukwaa la siasa. Mambo hayo mawili yakichanganywa katika daftari moja, ugomvi hauko mbali.

Usajili una faida nyingine katika ukanda huu. Kanuni za mwaka 2018 huzitaka kampuni za madini kuzipa nafasi ya kwanza bidhaa na huduma za Watanzania. Wakulima wa mboga au wafugaji wa kuku walio jirani na mgodi mkubwa hawawezi kutia saini mkataba wa kuuza kwa mgodi kama hawana chombo chenye jina. Vivyo hivyo mikopo ya halmashauri, ambayo hutoka katika asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hutolewa kwa vikundi vinavyotambuliwa. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya matatizo ya urejeshaji na vikundi hewa, ikaanza tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Vikundi vilivyokuwa na kumbukumbu safi havikuwa na la kuhofu.

FEDHA ZA WENGINE NA FEDHA ZA WANACHAMA

Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na shirika lake la misaada, USAID, likafunga kazi zake mwezi Julai mwaka huo. Katika Tanzania, kama katika nchi jirani, mashirika yaliyotegemea fedha hizo kwa huduma za afya na za wenye virusi vya UKIMWI yalilazimika kupunguza watumishi au kufunga ofisi. Wengi wao walikuwa wamefanya kazi kwa uaminifu. Upungufu wao ulikuwa kwamba mlipaji alikuwa mbali, na uamuzi wake haukuhitaji kura yao.

Chama cha ushirika hakina kinga dhidi ya kila msukosuko, lakini mtaji wake ni hisa, viingilio na akiba za wanachama. Benki ya Ushirika iliyozinduliwa Dodoma mwezi Aprili 2025 imejengwa juu ya msingi huo: vyama ni wenye hisa, si waombaji. Itafaa ikiwa vyama vyetu vitaingia humo kwa kusoma masharti na kuuliza maswali, kama mtu anayeweka fedha yake mwenyewe.

Hapa pana swali la hiari. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 20, inampa kila mtu uhuru wa kujiunga na wengine, na inakataza kumlazimisha mtu kujiunga na chama. Tangu serikali ilipoagiza mwaka 2018 kwamba pamba iuzwe kupitia AMCOS, wakulima wengi wamefika kwenye vituo vya chama bila kuwa wanachama. Wanauza, wanalipwa, wanaondoka. Hawapigi kura, hawasomi hesabu, na makato wanayaona kama ushuru. Agizo la serikali linaweza kuleta pamba ghalani. Haliwezi kumfanya mkulima akipende chama. Kazi hiyo ni ya viongozi wa chama wenyewe, nayo hufanyika kwa mzani wa haki, malipo yasiyochelewa, na maelezo ya kila shilingi inayokatwa.

YANAYOWAPASA MAKATIBU

Makatibu wa vyama vya msingi yawapasa kuyaangalia mambo yafuatayo kabla ya mkutano mkuu ujao.

Kwanza, cheti cha usajili kitafutwe, kisomwe, na kiwekwe mahali panapojulikana na wajumbe wote wa bodi. Jina lililo kwenye cheti lilinganishwe na jina lililo kwenye akaunti ya benki, hati ya kiwanja, leseni na mikataba. Penye tofauti parekebishwe mapema, wakati viongozi waliohusika wangali hai na wangali wanaelewana.

Pili, masharti ya chama yasomwe katika mkutano, kwa Kiswahili chepesi, na pale inapobidi yafafanuliwe kwa Kisukuma. Mwanachama asiyejua masharti hawezi kumuuliza kiongozi aliyeyavunja.

Tatu, hesabu zifungwe na zikaguliwe kila mwaka. Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, COASCO, liliundwa mwaka 1982 kwa kazi hiyo. Taarifa ya ukaguzi si siri ya bodi. Hupelekwa mbele ya mkutano mkuu, na kila mwanachama ana haki ya kuuliza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, chama kisikope kupita ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Vyama vingi vilivyopoteza magari, maghala na vinu havikuibiwa usiku, vilidaiwa.

Tano, rejista ya wanachama itunzwe kwa uangalifu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inalinda majina, namba za simu, namba za vitambulisho na picha za watu. Orodha ya wakulima isikabidhiwe kwa mfanyabiashara au mgombea wa cheo kwa sababu tu ameiomba.

Sita, isidhaniwe kwamba kusajiliwa ni kusamehewa kodi. Msamaha hutolewa na Mamlaka ya Mapato kwa masharti yake, na shirika linalotaka kuhesabiwa kuwa la hisani hupaswa kuliomba jambo hilo kwa Kamishna.

Saba, kikundi kilichoko kijijini ambacho hakijui mlango wake kisiachwe kihangaike. Afisa ushirika wa wilaya na afisa maendeleo ya jamii wako katika halmashauri, na kuwauliza hakuna malipo. Katibu anayeona wachimbaji au akina mama wakichanga fedha bila usajili awape ushauri mapema, hata kama si wanachama wake.

Wakulima waliosimama kando ya mizani katika miaka ya 1950 hawakuwa na ofisi, gari wala mfadhili. Walikuwa na watu wachache waliojua kusoma namba, waliochaguliwa na wenzao, ambao kila jioni waliweza kueleza mzigo wa kila mtu ulikuwa na uzito gani. Kwa msimu ujao kila chama cha msingi kinaombwa kubandika mlangoni mwa ghala lake, kabla ya ununuzi kuanza, karatasi yenye mambo matatu: namba ya usajili wa chama, makato yote kwa kila kilo pamoja na sababu yake, na tarehe ya mkutano mkuu.